Nani alipie usafiri wa umma wa Kampala: hazina ya taifa, abiria, au jiji lenyewe?

Shemeji yangu alikuja kutoka Arua, mbali kaskazini-magharibi mwa Uganda, na mtoto aliyepewa rufaa, wakakaa kwetu Bweyogerere, pembeni mwa Kampala, wiki mbili. Siku ya tatu tulitoka pamoja saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda mjini, safari isiyofika kilomita kumi na tano. Taksi ilisimama Kireka, ikasimama Banda, na Nakawa ikazima kabisa injini. Tuliingia mjini saa tatu kasoro robo. Pale Nakawa, mtoto amelala mapajani mwake, nilimwambia: "Shemeji, hapa ndipo serikali ingetuletea treni za kutosha na mabasi makubwa."

"Kwa pesa za nani?"

"Za serikali."

"Serikali haina shamba," akasema. "Mimi nikitoa pesa kwenye simu kule Arua nakatwa kodi. Sasa nikukatie na tiketi wewe wa Bweyogerere?"

Sikuwa na jibu la maana siku ile. Tangu hapo nimelisikia swali lilelile mara nyingi, kwa mwenye nyumba, kwa konda, hata msikitini baada ya swala. Kila mmoja anataka Kampala ipanue usafiri wa umma. Ugomvi huanza pale mtu anapouliza mfuko upi ufunguliwe. Basi nimeiweka mifuko mitatu kando kwa kando, nikaipima yote kwa vipimo vilevile.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Sisemi reli ya SGR kutoka Malaba hadi Kampala, ile ya kilomita 272 ambayo mkataba wake wa takriban yuro bilioni 2.7 ulitiwa saini na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki mwezi Oktoba 2024. Ile kazi yake kubwa ni mizigo. Ninachosema ni usafiri wa kila siku wa Kampala na majirani zake Wakiso, Mukono na Mpigi: kuongeza treni ya abiria ili ivuke Namanve na ipite mara nyingi zaidi, na kuleta mabasi makubwa yenye njia yao wenyewe.

Vipimo

Vipimo ni vinne. Mfuko: fedha inatoka kwa nani, na je, mwenye mfuko huo atakikalia kiti? Nauli: itakuwa ya nani kumudu, hasa siku ya mvua? Kuanza: tutaona kitu lini? Cha nne nimekiita siku ya kuharibika, na ndicho ambacho wanasiasa hukiruka. Mwaka wa saba mlango wa basi umekatika, injini inavuja mafuta, na aliyekata utepe ameshahamia wizara nyingine. Nani anapigiwa simu, na je, ana fedha ya vipuri?

Nakipa kipimo hiki uzito kuliko vingine, na sababu yangu ni Addis Ababa. Mwaka 2015 walifungua reli nyepesi ya jiji, ya kwanza ya aina yake katika ukanda wetu, kilomita 34 hivi, kwa gharama ya dola milioni 475 ambazo sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa China. Watu waliipenda. Baada ya miaka michache nyingi kati ya treni zake 41 zilikuwa zimeegeshwa, vipuri hakuna. Fedha ya kujenga ilipatikana kwa mkupuo mmoja. Ya kuitunza ilikuwa itafutwe kila mwaka.

Mfuko wa kwanza: hazina ya taifa

Mfuko. Bajeti ya 2024/25 ilivuka shilingi trilioni 72, na kila Muuganda ana senti yake humo. Kuna VAT ya asilimia 18. Kuna ushuru wa mafuta, zaidi ya shilingi 1,000 kwa kila lita ya petroli. Kuna asilimia 0.5 inayokatwa unapotoa pesa kwenye simu, na hiyo ndiyo iliyomuuma shemeji. Hapo yuko sahihi: mkulima wa Kisoro na mfugaji wa Moroto watachangia treni ambayo huenda wasiione maishani.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Viwanda, maghala, ofisi na hospitali kubwa za rufaa vimerundikwa huku, na kodi nyingi inakusanywa hukuhuku. Lori la nyanya kutoka mikoani linakwama kwenye foleni ileile. Na yeye mwenyewe, siku ile Nakawa, alikuwa abiria wa Kampala mwenye mtoto mgonjwa. Sikumwambia, haikuwa siku yake ya kuambiwa.

Nauli. Hapa ndipo hazina inapowashinda wenzake wote. Serikali inaweza kulipa ruzuku na nauli ikabaki ileile jua liwake au mvua inyeshe. Kwa wale wanaotembea kwa miguu kutoka Banda hadi mjini kwa sababu nauli ingekula chakula cha mchana, huu ndio mfuko pekee unaoweza kuwafikia. Tatizo ni kwamba ruzuku haichagui: mwenye mshahara mnono akipanda, naye anafidiwa na mama wa Kisoro.

Kuanza. Serikali ikitaka, inaweza. Barabara ya kasi ya Kampala na Entebbe, kilomita 51 pamoja na tawi la Munyonyo, ilifunguliwa Juni 2018 kwa dola milioni 476, kati yake milioni 350 zikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ilijengwa, ikakamilika. Lakini mabasi ya njia maalumu tumekuwa tukiyasikia kwenye mipango kwa zaidi ya miaka kumi, na hakuna njia hata moja iliyojengwa kwa ajili yao. Mkopo ni uleule na serikali ni ileile. Magari ya wakubwa hupata barabara mapema kuliko makalio ya wadogo kupata kiti.

Siku ya kuharibika. Huu ni udhaifu wake mkubwa. Wazee watakuambia habari za UTC, mabasi ya shirika la umma yaliyokuwa fahari ya nchi, kisha yakawa mabanda ya kuku. Kila mwaka fedha ya vipuri itasimama kwenye foleni ya bajeti pamoja na dawa, mishahara ya walimu na ulinzi. Hata hivyo tuseme haki. Mkodishaji binafsi wa reli alipoondoka, ni Shirika la Reli la Uganda lililoirudisha treni ya abiria ya Namanve mwaka 2018. Mwaka 2023 ilisimama ili njia ikarabatiwe, na mwaka uliofuata ikarudi. Serikali husahau, lakini haiwezi kufunga duka na kuhama nchi.

Unamfaa nani: abiria wa kipato cha chini, na yeyote anayeamini kwamba jiji kuu ni mali ya nchi nzima. Haumfai sana anayeishi mbali na kuona barabara yake ya udongo ikingoja greda mwaka wa tano.

Mfuko wa pili: mwekezaji na nauli ya abiria

Mfuko. Anayepanda ndiye anayelipa. Hakuna wa Arua anayeguswa. Na mfumo huu haujaanza leo: kamunye, ile taksi ya watu kumi na wanne yenye mstari wa bluu, ndiyo inayoibeba Kampala, na haipewi ruzuku hata ya tairi. Badala yake yenyewe ndiyo inayolipa kodi.

Nauli. Hapa hakuna anayekulinda. Mimi hulipa 2,000 asubuhi kavu. Mawingu yakikusanyika Kira jioni konda anatangaza 4,000 bila kupepesa macho, nasi tunapanda. Mwaka 2020, taksi ziliporuhusiwa kurudi barabarani mwezi Juni zikiwa na nusu ya abiria, gharama ya kile kiti kilichokaa wazi haikulipwa na hazina wala na tajiri wa gari. Tulilipa sisi tuliokuwa kwenye viti vilivyobaki.

Kuanza. Ni haraka kuliko yote. Pioneer Easy Bus walileta mabasi yao ya rangi ya chungwa mwaka 2012, takriban mia moja kwa mpigo, na ghafla watu wa Kampala wakajua kusimama ndani ya basi wakiwa wima. Mwishoni mwa 2013 mabasi yale yalizuiliwa kwa deni la kodi. Kwa reli mambo hayakuwa tofauti sana: kampuni ya RVR ilipewa mkataba wa miaka 25 mwaka 2006 kwa reli za Kenya na Uganda, na mkataba haukufika hata nusu ya umri wake.

Watu husema Pioneer waliuawa na kodi. Mimi naona kodi ilikuwa kisu tu, ugonjwa ulikuwa kwingine. Basi kubwa hula kwa idadi ya safari. Likipata safari saba kwa siku, nauli ndogo inatosha, kwa sababu viti ni vingi. Likikwama Nakawa pamoja na kamunye na pikipiki na lori la mchanga, linapata safari tatu. Mkopo wa gari ni uleule, mishahara ileile, mapato chini ya nusu. Kamunye huchepuka kwenye vichochoro vya Kinawataka. Basi la mita kumi na mbili haliwezi. Kwa hiyo basi kubwa lisilo na njia yake lina hasara hata likijaa pomoni. Na njia hiyo mwekezaji hawezi kuijenga kwa nauli zetu, labda ajenge barabara ya kulipia kama ile ya Nairobi ya kilomita 27, ambayo wateja wake ni wenye magari na wenye uwezo.

Siku ya kuharibika. Ajabu ni kwamba hapa mfuko huu una pande mbili zisizofanana kabisa. Kamunye ikiharibika saa nne, saa nane dereva yuko soko la vipuri la Kisekka anabishana bei ya klachi, na jioni yuko barabarani, maana tajiri anataka hesabu yake ya siku. Hakuna wizara inayoweza kasi hiyo. Kampuni kubwa ikiharibika, inazungumza na mabenki na mawakili, abiria anajulishwa na geti lililofungwa.

Unamfaa nani: mwenye safari zisizo na ratiba, anayeishi ndani kabisa ambako basi kubwa halitafika, na mlipa kodi wa mbali. Haumfai anayehesabu nauli ya mwezi mzima kabla mwezi haujaanza.

Mfuko wa tatu: tozo za jiji na majirani zake

Mfuko. Wazo lenyewe ni rahisi: wanaonufaika na usafiri wa Kampala ndio wachange, wakiwa abiria au la. Kodi ya majengo, ada za maegesho, sehemu ya ushuru wa mafuta yanayouzwa hapa, na mchango wa wenye ardhi. Hili la ardhi lina utamu wake. Ikitangazwa stesheni mpya, kiwanja cha jirani kinapanda bei kabla reli haijatandikwa, na mwenyewe hajapiga hata jembe. Kuna haki gani faida hiyo iingie mfukoni mwake yote?

Ugumu ni mwingi. Sheria yetu inasamehe kodi ya majengo kwa nyumba anayokaa mwenyewe, kwa hiyo jumba la ghorofa tatu la familia moja halilipi, na vyumba vya kupangisha vinalipa. Mwenye vyumba atamtwisha mpangaji. Naongea kama mpangaji. Halafu mipaka. Sensa ya 2024 ilikuta watu karibu milioni 1.8 Kampala na zaidi ya milioni 3.4 Wakiso. Maana yake wengi hulala Wakiso na kufanya kazi Kampala, wanachosha barabara za KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, mchana na kulipa kodi zao Kira, Nansana au Makindye-Ssabagabo. Mfuko mmoja kwa wote hao unahitaji madiwani wa mabaraza mengi wakubaliane kuachia fedha. Umewahi kuona?

Nauli. Itakuwa katikati: nafuu kuliko ya mwekezaji, ghali kuliko ya ruzuku kamili ya taifa.

Kuanza. Pole pole mno. Lazima sheria, uthamini wa majengo, akaunti ya pamoja.

Siku ya kuharibika. Kwenye karatasi, ndio mfuko bora: aliyelipa anaona basi limekufa kwa macho yake asubuhi ileile, na diwani aliyesaini anakaa mtaa wa pili. Lakini tuna kovu. Mfuko wa Barabara uliundwa kwa sheria ya 2008, nia ikiwa ada za watumiaji wa barabara ziende moja kwa moja kwenye matengenezo. Fedha ziliendelea kupita hazina, na mfuko ukawa unangoja mgao kama idara nyingine yoyote. Kwa hiyo mtu akikuambia "tozo hii ni ya mabasi tu", usimwulize ni asilimia ngapi. Mwulize inaingia akaunti gani.

Unamfaa nani: mpangaji wa miji mwenye subira, abiria wa kudumu anayetaka mtu wa kumwajibisha, na mlipa kodi wa mikoani. Haumfai mwenye haraka, na utamkera kila mwenye nyumba za biashara.

Kuchanganya mifuko

Mara nyingi uchaguzi hauwi wa moja kati ya tatu. Dar es Salaam, serikali ilijenga njia na vituo vya mwendokasi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kampuni ikaendesha mabasi kuanzia 2016. Njia ile imeokoa masaa ya watu wengi. Lawama zao zimekuwa za uhaba wa mabasi, yaani ule upande ambao hakuna aliyejua vizuri kama ni wa serikali au wa kampuni. Kwetu, barabara ya Entebbe imejengwa kwa mkopo tunaoulipa sote, na tangu Januari 2022 mwenye gari dogo analipa 5,000 kuipita. Asiyetaka ana barabara ya zamani, bure. Hilo nimelipenda. Ila bodaboda hairuhusiwi kuikanyaga, ingawa mwenye boda analipa ushuru wa mafuta kila anaposimama pampu.

Kwa hiyo ukiletewa mchanganyiko, utenge vipande viwili: nani anajenga vinavyobaki, kama njia, stesheni na reli, na nani anabeba vinavyokwisha, kama matairi, dizeli na mishahara. Mkataba usiosema kipande cha pili ni cha nani, mimi singeusaini hata kama ungekuwa wa kununua baiskeli.

Kulingana na hali yako

Kama unapanda kila siku kutoka Mukono, Namanve au Kireka na mshahara wako unajulikana, hazina ya kujenga pamoja na tozo ya jiji ya kuendesha itakukaa vizuri. Utalipa mara mbili kidogo, kwenye nauli na kwenye kodi ya nyumba, lakini utajua saa ya kufika kazini.

Kama unatembea kwa miguu kwa kukosa nauli, usikubali mpango wowote usio na ruzuku, na uliza njia itapita wapi. Reli yetu imebaki ilipolazwa na wakoloni, iliyofika Kampala mwaka 1931, na haikulazwa kwa kufuata ulipo mtaa wako.

Kama una viwanja au vyumba vya kupangisha karibu na reli, mfuko wa tatu utakugusa wewe kwanza. Kabla hujaupinga, piga hesabu ya kodi ya pango utakayotoza kituo kikiwa hatua mia mbili kutoka getini kwako.

Kama ni dereva, konda au tajiri wa kamunye, mfuko wowote unaoleta mabasi makubwa unachukua barabara kuu. KCCA ilipochukua paki za taksi kutoka kwa UTODA, chama cha wenye taksi na madereva, zaidi ya miaka kumi iliyopita, wengi mlisikia baada ya jambo kuisha. Safari hii ingieni mapema, mkadai njia za kulisha vituo kutoka mitaani. Basi kubwa bila nyinyi halina abiria.

Na kama uko Arua, Mbale au Kabale, una haki ya kuuliza swali la shemeji. Lakini liulize vizuri: je, hazina inachangia ujenzi mara moja, kwa kiasi kinachojulikana, au ruzuku ya kila mwaka isiyo na kikomo? La kwanza unaweza kuliunga mkono ukadai na mkoa wako upewe lake. La pili mbunge wako alieleze kabla hajanyoosha mkono.

Mtoto alipopona niliwasindikiza Arua Park, stendi ya mabasi hapa Kampala. Shemeji alilipa nauli yote mwenyewe, na wikendi ilikuwa imeipandisha, akanionyesha tiketi. "Hii hakuna wa Bweyogerere aliyenichangia." Nikamkumbusha kwamba lami atakayopita hadi Karuma na kuvuka Mto Nile imewekwa kwa kodi ya watu ambao hawajawahi kufika Arua. Akatabasamu, akampakata mtoto vizuri. "Hilo," akasema akipanda ngazi, "tutalimaliza nikirudi kwa kliniki mwezi wa tatu."